Aliyeshika Miguu ya Baba Yangu

Filamu ya Kihindi nusura ininyime mume. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asidhani kwamba ninazisifu filamu hizo kwa sababu hazijawahi kuniumiza. Zimeniumiza. Na hata hivyo, Jumapili tukishatoka misa, maharagwe yakiwa jikoni na mtu akaniuliza tuweke filamu gani, mkono wangu unaenda kwa Wahindi kabla kichwa hakijajibu.

Nimekulia Butembo, katika nyumba iliyogawanyika sehemu mbili kwa ajili ya sinema. Mama alikuwa wa Wahindi, baba alikuwa wa Hollywood. Mimi nilikaa katikati, nikala huku na huku, na sikuwahi kushiba.

Mama alikuwa na hoja moja ambayo mpaka leo sijaona mwenye kuivunja. Alisema katika filamu ya Kihindi hakuna mtu anayeishi peke yake. Kijana akipenda msichana, kuna mama yake, kuna baba, kuna baba mdogo mwenye wivu, kuna bibi mgonjwa ambaye hataki kufa kabla ya harusi, kuna jirani aliyesikia yote dirishani. Kila mmoja ana neno lake na kila mmoja lazima asikilizwe. "Hii ni batu ya huku kwetu," alikuwa akisema. "Ni rangi tu njo inapitana."

Alisema kweli, tofauti ni rangi tu. Nilipoanza kuziangalia kwa macho ya mtu mzima, niliona kinachonivuta si nyimbo wala nguo zinazometameta, ingawa nguo nazipenda kwa kuwa ni biashara yangu. Kinachonivuta ni muda. Mhindi akifiwa, filamu inasimama na kulia pamoja naye. Hakuna anayemwambia jikaze, maisha yanaendelea. Analia mdomo wazi, makamasi yanamtoka, majirani wanaingia, wanakaa chini, naye analia tena upya kwa sababu wameingia. Mtu wa Butembo akiona hivyo hahitaji mkalimani. Kuna kanda zinazokuja na mtu anayetafsiri juu ya sauti za waigizaji, anapiga kelele mwanzo mpaka mwisho, na mama alikuwa akimwona mtu huyo kuwa adui. Alisema anatuharibia machozi.

Baba alilima kahawa. Shamba lilikuwa Vuhovi. Alikuwa akishinda huko katikati ya juma na kurudi Jumamosi na kofia yake ya majani makavu, ambayo aliivaa mpaka ndani ya nyumba. Jumapili baada ya kula, filamu ya kwanza ilikuwa yake, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba na kwa sababu za Hollywood ni fupi. Alipenda jinsi mtu anavyopewa kazi na kuifanya. "Ule musee banamutuma, anaenda, anamaliza, anarudia," alisema. "Haimbe." Kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mtu anayesimama kuimba wakati adui anamngoja mlangoni alimwona hana malezi. Na msichana akiingia kwenye wimbo na nguo nyekundu na kutoka na ya kijani, baba aliuliza, "Ingine alikuwa ameficha wapi?"

Lakini hata huko Hollywood alikuwa na ugomvi wake. Wa kwanza ulikuwa magari. Sisi ni mji wa wafanyabiashara. Kila anayekaa Butembo anajua mtu aliyeagiza gari kutoka ng'ambo, akalingoja hadi nywele zikaota mvi, akalilipia kwenye kila mpaka. Shujaa wa Kimarekani anachukua gari la mtu asiyemjua, analigonga, linawaka moto, naye anashuka bila hata kugeuka. Sebule nzima ilikuwa ikitoa mguno. "Na mwenyewe?" baba aliuliza. "Mwenyewe ataambiwa nini?" Sijaona filamu hata moja ya Hollywood iliyomjibu.

Ugomvi wa pili ulikuwa kahawa. Wamarekani kwenye filamu hutembea na kikombe mkononi. Wanapiga funda moja, simu inalia, kikombe kinatupwa pipani kikiwa kimejaa. Baba alikuwa akishika kichwa. Alijua kahawa ni kuichuma, kuimenya, kuiosha, kuianika, kuifukuzia mvua, kuibebesha watu mpaka barabarani. Lakini nilimwona pia, mara nyingine, akitazama kikombe kile kwa fahari, kwamba pengine yule polisi anayekimbia ametiwa nguvu na Vuhovi.

Ikifika zamu ya mama, baba alijilaza kwenye kiti, akafunika uso kwa kofia, na kabla ya wimbo wa kwanza alikuwa anakoroma. Mama alisema tumwache. Filamu ikiisha, hata baada ya jua kuondoka kwenye mlango, baba aliamka, akatoka na kofia bado imeshuka hadi kidevuni, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya mvua na kunawa uso. "Usingizi ya mchana inachafuaka macho," alikuwa akisema. Tulimzoea hivyo.

Sasa huyo mume. Mimi huuza vitenge, na biashara yangu inakwenda na kurudi kati ya Butembo na Beni, barabara ikiruhusu. Beni, karibu na soko, kulikuwa na kijana mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuwatilia watu filamu kwenye flashi. Nilimwomba za Kihindi. Akacheka. Akaniambia mwanamke mwenye akili kama yangu hawezi kupoteza siku nzima akiangalia watu wanakimbizana kwenye mti mmoja. Nikamwambia mwanamume mwenye akili kama yake hawezi kuamini kwamba mtu mmoja anaweza kupigana na jeshi na shati lisitoke kwenye suruali. Tukaanza hivyo.

Ni yeye aliyenifunza kuheshimu Hollywood. Mimi nilijua tu ile ya baba, ya milipuko. Yeye akanipa filamu ambayo hakuna aliyepigwa hata kofi. Mzee mmoja na binti yake hawajui kuongea. Binti amerudi nyumbani baada ya kushindwa maisha, na mzee hamwulizi kitu. Anatengeneza mlango wa chumba chake ambao ulikuwa unagoma kufunga. Anaupiga randa, anaupima, anaupiga tena. Basi. Nililia kuliko kwenye mazishi yoyote ya Kihindi. Nikajua kwamba kuna watu wanaopenda kwa mdomo na kuna watu wanaopenda kwa randa, na Wamarekani, wakitulia, wanawajua hao wa pili vizuri sana.

Mimi nami nikampa moja ya mama. Nikamwambia asiniongeleshe mpaka aimalize. Nilipopita tena Beni alikuwa ameimaliza. Hakunitania. Aliniambia tu, "Pale ule kijana anainama anagusa miguu ya musee, na musee anamuwekea mukono ku kichwa... Mi nasema, pale nilishikwa." Nadhani hapo ndipo nilipompenda, ingawa nilimlipisha chai.

Nilipomweleza baba, hakukasirika. Kwamba kijana alikuwa Mprotestanti na sisi Wakatoliki, hilo lilimsumbua shangazi peke yake. Lililomsumbua baba lilikuwa Beni na vita vyake visivyoisha. "Batu ya Beni banakimbia banakuya huku," aliniambia. "Na weye, mama, unataka kuenda kule?" Baba hutuita hivyo mabinti zake, mama, hasa akiwa na hofu. Nilijua kwamba bila baraka yake sitaondoka, na nilijua kwamba bila huyo kijana sitakaa vizuri. Nikawa hapo katikati, na safari hii hapakuwa na cha kula.

Alikubali angalau waje kujitambulisha. Tulikuwa ndiyo tumetoka kwenye wakati wa Ebola, na watu wengi walikuwa bado wanasalimiana kwa kiwiko. Shangazi, dada yake baba, alikuja toka Kasugho akiwa na kuku wawili na maoni mengi. Kwetu siku kama hiyo mwenye kuoa hana kazi. Anakaa, anatazama chini, anafunga mdomo. Msemaji wao ndiye anayeongea, na msemaji alikuwa mjomba wake, shemasi wa kanisa lao, mtu mwenye sauti ya kuhubiri na koti lililopigwa pasi vizuri.

Waliingia. Mjomba hajamaliza hata kusema hodi, kijana wangu akampita, akawapita wote, akaenda mpaka kwenye kiti cha baba, akainama, akagusa miguu yake yote miwili na kisha akagusa paji la uso wake mwenyewe.

Nisimame hapo kidogo. Yeye alifanya hivyo kwa heshima. Alijua mama anapenda Wahindi, alijua mimi nawapenda, akachukua kitu kizuri kuliko vyote alivyoona katika filamu zetu akatuletea nyumbani. Lakini Butembo si India. Kwetu kijana hamwangukii baba wa msichana miguuni ila kama amekosa, na kijana anayetoka mji mwingine na kuanguka kabla msemaji hajafungua mdomo anajulikana amekosa nini.

Shangazi alisimama. "Yesu wangu! Amesha muharibu mutoto!"

Watu wote wakatazama tumbo langu. Nikalivuta ndani. Sijui kwa nini nililivuta, hapakuwa na kitu ila wali wa asubuhi, lakini kule kulivuta ndiko kulikonimaliza. Mjomba shemasi, ambaye naye hakuelewa lolote, akadhani amefichwa jambo na ndugu zake, akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima. "Papa, kama kosa imefanyika, sisi batu bakubwa hatukujua..." Kijana akataka kueleza, akakumbuka haruhusiwi kuongea, akabaki ameinama mdomo wazi.

Mama alikuwa jikoni. Alikuja na sahani mkononi, akaona, akaelewa papo hapo, yeye peke yake nyumba nzima. "Ni salamu!" alipiga kelele. "Ni vile Bahindi banasalimiaka bazazi!"

Baba alimtazama kijana. "Huyu ni Muhindi ya wapi?" aliuliza. "Ya Beni?"

Kama angekuwa mtu mwingine tungecheka. Hakuna aliyethubutu. Baba alitazama miguu yake muda mrefu, kana kwamba anaangalia kama imechukuliwa kitu, kisha akainuka. "Mukule," aliwaambia wageni. "Tutabaita." Akavaa kofia na kutoka nje. Wageni walikula kuku wa shangazi, kisha wakarudi Beni.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, na nimemtetea sana mume wangu mbele ya wanaomcheka. Tuseme angekuja kwa mtindo wa Hollywood. Angeingia amesimama wima, angemtazama baba machoni, angempa mkono wenye nguvu na kumwambia, mzee, nampenda binti yako. Asingemaliza sentensi. Angefuatwa na mbwa mpaka uwanja wa ndege wa Rughenda, akapande ndege kama ana pesa. Kwa hiyo hakuna sinema duniani inayofundisha namna ya kuingia kwenye nyumba ya Butembo. Lakini mtu akilazimika kukosea, mimi nampenda anayekosea kwa kuinama.

Tukangoja. Shangazi alikaa nasi akichunguza tumbo langu kila asubuhi, mpaka aliporidhika akarudi Kasugho, na nadhani alikuwa na huzuni kidogo. Baba alienda Vuhovi, akarudi, akaenda, akarudi. Hakutaja jambo lile. Mama akajifanya wakili wangu kwa njia aliyoijua. Kila Jumapili alichagua filamu yenye miguu. Wakwe walishikwa miguu, bibi walishikwa miguu, mpaka mwalimu wa shule alishikwa miguu. Alipofika pale aliongeza sauti. Chini ya kofia baba alikoroma vilevile. Jumapili zile mimi niliitazama kofia kuliko televizheni. Nilitaka kuiondoa nimwambie, Papa, angalia, ona alichokuwa anamaanisha. Sikuweza. Binti hamwondolei baba yake kofia usoni.

Niliogopa. Siwezi kusema kwa maneno mazuri kuliko hayo. Na habari hazikunisaidia. Kulikuwa na vurugu tena upande wa Beni, na watu wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani, watoto wamebeba masufuria. Baba alisimama mbele ya nyumba akiwatazama. Mama alimpa mwanamke mmoja maji na ndizi. Jioni ile baba hakula. Nikajiambia imekwisha, na nikaenda kukunja vitenge vyangu ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa.

Kwenye simu kijana wangu aliniambia amejifunza. "Siku banatuita, mi nitasimama droit," alisema. "Hata kichwa sitainamisha." Nikamwambia hawatamwita. Akaniambia atangoja.

Jumapili moja, filamu ya mama imeisha, baba amekwenda kwenye pipa na kurudi, maji bado yanamdondoka kwenye ndevu, aliniambia bila kunitazama, "Ubaite bakuye."

Walikuja. Shangazi naye alikuja, safari hii bila kuku. Mjomba shemasi alikuwa amemshika mpwa wake mkono, nadhani kwa tahadhari, na kijana alitembea amekakamaa, mikono ameifunga nyuma. Alimsalimia baba kwa mdomo tu, kutoka mbali. Akakaa. Mjomba akasimama, akakohoa, akaanza hotuba ambayo lazima ilikuwa imeandaliwa kwa maombi.

Baba akainua mkono kumkatiza. Akavua kofia, akaiweka gotini, akamtazama kijana.

"Siku ile ulinisalimia muzuri," alimwambia. "Leo miguu yangu iko na nini?"

Kijana alimtazama mjomba. Mjomba alitazama dari. Kijana akanitazama mimi, nami nikaitazama kofia, nikiogopa kumpeleka kwenye aibu ya pili. Akaamua mwenyewe. Akainuka, akaenda, akainama, akagusa miguu ya baba.

Baba akamwekea kiganja kichwani. Si kwa kubahatisha. Kiganja cha kulia, chote, kikakaa hapo, na midomo ya baba ikawa inasema kitu ambacho hatukukisikia. Kisha akamshika mabega yote mawili, akamwinua, akamvuta kifuani, upande huu na upande huu, sawasawa na wazee wale wa filamu. Hakukosea hata hatua moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Weye!" alisema. "Weye mwenye unalalaka! Ulijulia hii wapi?"

Baba akachukua kofia yake gotini, akaiinua mbele ya dirisha, mwanga ukapita katikati ya majani.

"Kofia yangu iko na matundu," alisema.

Nyumba ilianguka kwa kicheko. Shangazi alipiga makofi, mjomba shemasi alisahau hotuba yake yote, mama alimtupia baba kitambaa cha mikono. Miaka yote ile, kila bibi mgonjwa, kila harusi, kila binti anayeondoka kwao akigeuka nyuma, baba naye aliyaona yote, chini ya kofia.

Kicheko kilipopungua, baba alikuwa bado amemshika kijana bega. Uso wake haukuwa wa kucheka. "Kule ikichafuka," alimwambia, "mukuye hapa bote bawili. Hapana kungoya kesho. Hata kwa miguu, mukuye. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa," alisema mume wangu.

Baba akanitazama, akatikisa kichwa kwamba sawa. Akavaa kofia, akaishusha hadi kidevuni, akatoka nje. Kutoka pale nilipokuwa nimekaa nilimwona akienda kwenye pipa kunawa uso, na siku ile hakuwa amelala.